Nukta Tatu Chini ya Mtutu

Alhamisi, tarehe 16 Mei 2019, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Tekla Kalinga yuko juu ya tuta la jaruba lake, nje kidogo ya Igawa, anapiga debe kuamia ndege. Mpunga umeinamisha vichwa, wiki mbili tu uvunwe. Kwelea kwelea wamekuja kama moshi, na mama wa watu hana habari kwamba nyuma yake, kwenye mfereji, kuna kiboko aliyechelewa kurudi mtoni.

Askari wa wanyamapori yupo. Ameitwa tangu alfajiri na bunduki anayo. Anapiga goti, analenga kutoka hatua kama arobaini. Risasi ya kwanza inapita juu. Ya pili inazama kwenye tope. Ya tatu inampata mnyama kwenye paja la nyuma, na kiboko akishajeruhiwa hamtafuti aliyempiga. Anamwendea aliye karibu.

Tekla alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Bunduki ile ilikuwa imeondoka kwenye meza ya fundi siku tatu tu kabla. Na fundi mwenyewe ni Shedrack Nkuba, mume wa Tekla.

Ndiyo siku mambo yote yalipoharibika. Mke alikwenda, kazi ikamfuata, na jina la fundi ambalo Nkuba alilijenga kwa miaka ishirini na sita likawa jina la kunong'onezwa kwenye vibanda vya chai kando ya barabara kuu.

Sasa ni saa mbili asubuhi, mjini Iringa, miaka sita baadaye. Nkuba, mwenye miaka hamsini na saba, amesimama mbele ya jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, katika chumba cha nyuma cha ghala la silaha. Amevaa sweta la kijani lililoisha viwiko. Mtutu wa bunduki umebanwa katikati ya vipande viwili vya mbao laini ili usichubuke.

Mkononi ana mdeki, ule ufito mrefu wa chuma unaopitishwa ndani ya mtutu. Kwenye ncha yake kuna kizibo cha madini ya risasi, alichokiyeyusha na kukimimina humohumo ndani mpaka kikashika umbo la tundu lenyewe, michirizi na yote. Amekipaka pesti ya kusagia vavu, ileile ya mafundi magari. Anasukuma. Anavuta. Macho ameyafumba.

“Mzee Nkuba, unafanya kazi au unasinzia?” anamtania Gwakisa, mtunza ghala, kijana wa Tukuyu asiyeweza kukaa kimya dakika mbili.

“Nasoma.”

“Unasoma umefumba macho?”

“Nyinyi mnaosoma mmeyafumbua, mmesoma nini cha maana?”

Gwakisa anacheka mpaka anashikilia mlango. Nkuba hacheki. Anahesabu kwa Kisukuma, kimoyomoyo, na akifika idadi anayoijua mwenyewe anasimama, anafuta kila kitu kwa kitambaa, anapitisha kizibo kingine kikavu, polepole, akikisikiliza kwa vidole.

Leo anafanya mtihani. Ana siku mbili za kuulainisha mtutu huu. Kesho mchana bunduki itapelekwa uwanja wa shabaha, itapigwa risasi tano kutoka mita mia moja. Zote zikiingia ndani ya duara la kisahani cha chai, ofisi inayosimamia silaha itaandika barua kupendekeza arudishiwe leseni ya ufundi. Hata moja ikitoka nje, Nkuba atarudi Igawa kuchomelea plau mpaka azikwe, na watu wataendelea kusema kwamba mkono wake ndio uliomuua mkewe.

Wengi wakiambiwa habari ya kulainisha mtutu wanafikiri ni usafi. Si usafi.

Ndani ya mtutu kuna michirizi inayojizungusha kama uzi wa skrubu. Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili isiyumbe njiani. Bunduki ikishakaa miaka, ikala mvua na vumbi la bonde, ndani panakuwa na mahali pamebana na mahali pamelegea. Risasi inabanwa hapa, inaachiwa pale, na ikitoka mdomoni inakwenda inakotaka yenyewe. Kazi ya Nkuba ni kuufanya mtutu uwe sawasawa toka nyuma mpaka mbele, bila kula chuma zaidi ya kinachotakiwa.

“Kulainisha ni kitu kimoja, kung'arisha ni kitu kingine,” anasema. “Wakubwa wanavichanganya. Mkubwa akishika tochi akachungulia, akaona kunameremeta, anasema safi. Chuma kinaweza kumeremeta na kikawa kibovu kuliko kilichooza.”

Nkuba hakuzaliwa kwenye chuma. Alizaliwa Meatu, kwenye ng'ombe, na mwaka 1984 baba yake aliswaga kundi zima mpaka Usangu kutafuta majani. Shule aliiacha darasa la nne, Meatu hukohuko, kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi na watoto wa kiume walikuwa wawili.

Mwaka 1993 alitumwa Iringa kununua dawa ya kupe. Katika kuzunguka nyuma ya soko akakuta kibanda cha mzee mmoja Mhehe, Liberatus Kihwele, fundi bunduki mwenye leseni. Mzee alikuwa amefumba macho, anasukuma ufito ndani ya bomba. Kijana akasimama pale saa nzima. Dawa ya kupe akaisahau.

“Aliniuliza, wewe Msukuma, unataka nini hapa? Nikamwambia, nataka kujua unasikiliza nini humo ndani. Akaniangalia. Akasema, hilo ni swali la fundi, kaa chini.”

Miezi minane ya kwanza hakuruhusiwa kugusa tupa wala pesti. Kazi yake ilikuwa moja. Mzee alipitisha kizibo ndani ya mtutu mbovu, kisha akampa mdeki na kumwambia afumbe macho aoneshe kwa chaki, upande wa nje, ni wapi kizibo kinabanwa. Akikosea hata kwa upana wa kidole, mzee alifuta chaki kwa mate, akasema, “Tena.”

“Mwezi wa tisa nilipatia mitutu kumi na miwili mfululizo,” anasema Nkuba, na hapo kifua kinainuka kidogo. “Mzee hakunisifu. Aliniletea kiti tu. Mpaka siku ile nilikuwa nakalia ndoo.”

Aliyeleta chakula cha mchana kibandani hapo alikuwa mpwa wa mzee, msichana wa Kalenga anayeitwa Tekla. Nkuba anakumbuka maneno ya kwanza aliyoambiwa: “Kaka, unakishika hicho chuma kama umeshika mtoto mchanga. Kula kwanza, hakitalia.” Walioana mwaka 1996. Ng'ombe wa mahari walitembea kwa miguu kutoka Usangu, siku sita, na mpaka leo wazee wa Kalenga wanazungumzia lile kundi.

Mzee Liberatus alikuwa na utaratibu wake, na Nkuba aliurithi kama ulivyo. Kabla ya kuanza kazi unafungua skrubu mbili, unautoa mtutu kwenye mbao zake. Upande wa chini, usioonekana bunduki ikifungwa, unagonga nukta ndogo kwa msumari mgumu, kila mahali mkono ulipogundua pamebana. Ukipamaliza mahali hapo, unaifuta nukta yake kwa tupa. Bunduki haitoki kwa fundi ikiwa na nukta.

“Bunduki yenye nukta ni mgonjwa ambaye bado yuko wodini,” anaeleza. “Ukimtoa, umemtoa wewe. Daktari hakumruhusu.”

Na sasa turudi kwenye ile Jumatatu, tarehe 13 Mei 2019, siku tatu kabla ya kifo cha Tekla.

Wakati huo Nkuba alikuwa na karakana yake Igawa, leseni ukutani, fremu ya kioo. Kwa mtutu mmoja alilipwa shilingi elfu themanini, na kwa mwezi hakukosa mitutu mitano, ya askari na ya wakulima wenye vibali. Mezani kulikuwa na bunduki ya kituo kimoja cha askari wa wanyamapori upande wa bonde. Alikuwa ameikuta na sehemu tano zimebana. Mbili alishamaliza.

Mkuu wa kituo akaja na gari, akashuka bila hata kuzima injini. Nkuba anayakumbuka mazungumzo neno kwa neno, kwa sababu ameyarudia kichwani kila siku tangu hapo.

“Fundi, bunduki yangu naitaka.”

“Bado, mkuu. Sehemu tatu zimebana. Nipe siku mbili.”

Mkuu akatoa tochi mfukoni, akachungulia. “Mbona unang'aa? Unataka ung'ae mpaka nijione ndevu?”

“Kung'aa unang'aa, mkuu. Mkono wangu ndio unaokataa.”

“Mkono wako una cheo gani? Jumatano nina mgeni kutoka juu. Bunduki zote kumi na mbili zinatakiwa mstarini. Saini hapa.”

Akamwekea daftari. Limeandikwa kwa Kiingereza. Nkuba akauliza limesema nini, akajibiwa kwamba linasema bunduki imechukuliwa. Akaandika jina lake.

“Jina langu najua kuliandika,” anasema, na sauti inashuka. “Na siku ile niliandika vizuri sana. Herufi zimesimama. Ningeandika vibaya labda wangesema si langu.”

Alichosaini kilisema: kazi imekamilika, silaha inafaa kutumika.

Baada ya mazishi ikaundwa kamati. Wanaume wanne na meza ndefu. Wakamwonesha daftari, wakamwuliza kama saini ni yake. Akasema ni yake. Akawaambia habari ya nukta. Akawaambia fungueni skrubu mbili tu, chini ya mtutu mtakuta nukta tatu sijazifuta, mtajua kwamba kazi ilikuwa haijaisha.

“Mmoja akamwuliza mwenzake, nukta ndiyo nini? Wakacheka. Mwenyekiti akasema, mzee, kamati inafanya kazi na maandishi, haifanyi kazi na vidoadoa.”

Bisibisi ilikuwa palepale. Nkuba alikuwa nayo mfukoni. Hakuna aliyeiomba.

Leseni ikachukuliwa Juni mwaka huohuo. Mkuu wa kituo akahamishwa, na kwa hesabu za wakubwa kuhamishwa kule kulikuwa kupanda. Askari aliyepiga, Jailos Mwakipesile, akapewa onyo. Na mke wa mtu akawa mstari mmoja kwenye taarifa: raia mmoja wa kike.

Kilichomuuma zaidi ya kamati kilitokea kwenye matanga. Bartholomeo, kaka mkubwa wa Tekla, alikuja kutoka Kalenga, akakaa karibu naye, akaongea kwa upole. Upole huo ndio ulioumiza.

“Shemeji, samahani nikuulize. Hiyo bunduki, wanasema ulikuwa umeitengeneza wewe. Ni kweli?”

Nkuba akasema ni kweli, lakini. Neno lililofuata “lakini” halikutoka. Bartholomeo akasubiri, akasubiri, kisha akainuka akaenda kukaa na wengine. Tangu siku ile Nkuba hajakanyaga Kalenga. Na Kalenga iko kilometa chache tu kutoka hapa anapofanyia mtihani.

Miaka sita amekula kwa kuchomelea. Plau moja elfu kumi na tano, pawatila ikivunjika shingo elfu ishirini. Mkono uliokuwa unasikia tofauti ya unene wa unywele ukawa unashika nyundo ya ratili nane. Wasafiri wa malori walimwita fundi plau, naye akaitika.

Aliyemfungulia mlango wa kurudi kwenye kazi ni Jailos.

Askari huyo aliacha kazi mwaka jana. Wakati wa msiba alikaa nje ya uzio wa Nkuba siku tatu bila kuingia, mpaka Nkuba mwenyewe akamfuata na sahani ya wali. Alipoacha sare, Jailos alikaa akaandika barua ya kurasa nne kwa ofisi ya usimamizi wa silaha, akieleza kwamba bunduki ile ilichukuliwa kwa fundi kwa nguvu. Barua ilizunguka kwenye meza miezi saba. Mwishowe ikafika kwa ofisa mpya, mwanamke, ambaye hapa watu wote wanamwita Afande Devota.

Devota ni wa Njombe, mtu wa maneno machache. Alimpigia Nkuba simu na kumwuliza kama bado anaweza kazi.

“Nikamwambia, Afande, mkono haujasahau. Nipeni bunduki yoyote mbovu. Akasema, nitakuchagulia. Nikasema hapana. Nipeni ileile.”

Devota akauliza.

“Una hakika, baba?”

“Mama, hiyo ndiyo ninayodaiwa.”

Bunduki ilikuwa bado ghalani, imefungwa kwenye gunia, ina kibandiko cha kesi. Jana asubuhi Gwakisa aliileta akaiweka mezani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Walikuwepo watu wanne chumbani: Gwakisa, Afande Devota, Jailos na Nkuba.

Nkuba hakuigusa mara moja. Alisimama akiitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyemuua mtoto wake. Kisha akatoa bisibisi mfukoni, akafungua skrubu ya kwanza. Akafungua ya pili. Mbao zikaachia. Akaugeuza mtutu, akafuta kutu kwa kidole gumba.

“Afande,” akasema, “njoo uhesabu.”

Devota akainama. Akaenda dirishani na mtutu, kwenye mwanga. Akapitisha ukucha wake chini ya chuma, polepole, kutoka nyuma kuelekea mbele.

“Moja,” akasema. “Mbili.” Akasogeza ukucha mbele. “Tatu.”

“Na palipofutwa?”

“Naona palipofutwa. Pawili.”

“Tatu na mbili?”

“Tano, baba.”

Nkuba akavuta kiti, akakaa. Miaka sita kwa skrubu mbili. Kazi ya kuzifungua haikuchukua hata dakika moja na nusu.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Alipoubana mtutu kwenye jiliwa na kupitisha kizibo cha kwanza, uso ulibadilika. Akakitoa, akakipitisha tena kutoka upande wa pili. Akaingiza kidole kidogo kwenye mdomo wa mtutu, akakizungusha.

“Huu sio mtutu nilioutoa mimi,” akasema.

“Namba ni hiyohiyo,” Gwakisa akamwambia.

“Namba sikatai. Nyuma ni kazi yangu, naijua. Mbele huku mdomo umepanuliwa kama tarumbeta, na umeliwa upande mmoja. Mtu amesugua humu. Amesugua na kitu kikali, na amesugua kuanzia mdomoni.”

Kisha Jailos, ambaye muda wote alikuwa amesimama karibu na mlango, akavua kofia.

“Msasa, mzee.”

“Nini?”

“Tulisugua na msasa. Tuliuviringisha kwenye fimbo. Ile Jumanne, kabla ya mgeni. Mkuu alisema mgeni ana tabia ya kuchungulia mitutu na tochi, asikute hata moja ina weusi. Tulisugua mpaka jioni. Mgeni alipofika alichungulia kweli, akatupigia makofi.”

“Na wewe ukasugua hii?”

“Nilisugua hii kwa mikono yangu. Sikujua, mzee. Nilijua nasafisha.”

Devota aliandika maneno hayo yote, na Jailos akayawekea saini. Nkuba alikuwa amemgeuzia mgongo, anapanga vifaa vyake mezani kimoja kimoja. Aliposema, hakugeuka.

“Keshokutwa utapiga wewe.”

“Mimi? Hapana, mzee. Mikono hii?”

“Mikono yako haikukosa kitu siku ile. Ulilenga vizuri, nimeambiwa na watu waliokuwepo. Utapiga wewe, au mtihani siufanyi.”

Basi ndiyo kazi inayoendelea asubuhi hii. Mdomo ulioliwa ameshaukata, upana wa vidole viwili, akausawazisha kwa tupa na kuupima kwa pembemraba mpaka akaridhika. Zile sehemu tatu zilizobana anazifuata moja moja. Saa nne na nusu nukta ya kwanza imefutwa. Saa saba, ya pili. Gwakisa amemletea chai na mihogo, imepoa mezani.

Ya tatu ni sugu. Nkuba anabadilisha kizibo, anapunguza pesti, anaongeza mafuta. Jasho linamtiririka ijapokuwa Iringa leo ni baridi. Saa kumi alasiri anapitisha kizibo kikavu kwa mara ya mwisho, kwa kidole kimoja tu, na kizibo kinatembea toka nyuma mpaka mbele kwa mwendo mmoja, bila kusita popote, kama maji kwenye mfereji uliosakafiwa.

Anafumbua macho. Anachukua tupa. Anafuta.

“Chungulia sasa,” anamwambia Gwakisa.

Gwakisa anachungulia na tochi. “Mbona haung'ai sana, mzee?”

“Sikuifanya kazi hii kwa ajili ya jicho lako.”

Uwanja wa shabaha uko nje ya mji, kwenye bonde lenye majani makavu. Siku ya pili, saa tisa mchana, Jailos analala kifudifudi nyuma ya mifuko ya mchanga. Nkuba anachuchumaa karibu yake, anamnong'oneza kitu. Baadaye Jailos alisema alichoambiwa ni hiki: “Usiisaidie. Yenyewe inajua njia.”

Mlio wa kwanza. Kunguru wanaruka. Wa pili. Wa tatu. Kati ya wa tatu na wa nne Jailos anakaa muda mrefu, anafuta macho kwa mkono wa shati. Wa nne. Wa tano.

Afande Devota anatembea mwenyewe mpaka kwenye karatasi, mita mia moja kwenda na mia moja kurudi. Kisahani kipo mkononi mwake. Hakitumii. Anamwomba Gwakisa kikombe alichonywea chai, anakigeuza kifudifudi juu ya karatasi. Matundu yote matano yanafunikwa.

“Kikombe,” anasema Gwakisa. “Sio kisahani, jamani. Kikombe!”

Nkuba anaitazama karatasi, anaigeuza, anaitazama tena. “Ya nne imekwenda kushoto kidogo,” anasema. “Hiyo ni ya machozi. Sio ya mtutu.”

Kisha anacheka. Watu wanaomfahamu wanasema hawajamwona akicheka tangu mwaka 2019. Anacheka meno yote nje, mkono ameuweka kwenye bega la Jailos, na askari yule wa zamani analia waziwazi bila kujificha.

Ofisini Devota anafungua daftari jipya. Anaandika kwa Kiswahili, na kabla ya kumpa kalamu anamsomea kila mstari kwa sauti. Kwamba mtutu ulikutwa na nukta tatu zisizofutwa. Kwamba bunduki ilichukuliwa kabla ya kukamilika. Kwamba baadaye ilisuguliwa kwa msasa na watu wasio mafundi, kwa amri. Kwamba fundi Shedrack Nkuba ameikamilisha, na shabaha imethibitishwa. Nkuba anaomba mstari wa pili usomwe tena. Unasomwa. Anasaini.

Anaomba nakala mbili. Moja ni ya ukutani, kwenye karakana anayokusudia kuifungua tena Igawa leseni ikitoka. Fremu ya zamani anayo bado, na kioo chake hakijavunjika. Nyingine ataipeleka Kalenga Jumapili hii, baada ya misa, akampe Bartholomeo mkononi.

“Sitasema neno,” anasema. “Yeye shule amesoma. Atasoma mwenyewe.”

Leseni yenyewe bado. Barua ya Devota imekwenda juu, na juu, kama tunavyojua, kuna ngazi nyingi na viti vizito. Alipoulizwa itachukua muda gani, Devota alisema ukweli: hajui.

Nkuba alikuwa ameshafika mlangoni, begi la vifaa begani, ndipo akasimama. Akarudi mpaka mezani kwa Devota. Kuna hesabu ilikuwa inamsumbua tangu juzi, akasema, tangu Jailos alipovua kofia.

“Afande, ile Jumanne hawakusugua bunduki moja. Zilikuwa kumi na mbili, zote za mstarini, na mimi nililetewa moja tu.”

Devota alivuta rejista, akapekua kurasa. Tatu aliziona zimegawiwa vituo vya bondeni. Nne zilivuka kuja upande huu wa Iringa. Nyingine zimeandikwa zimehamishwa, bila kusema wapi. Zote kumi na moja, mbele ya namba zake, zina neno moja: nzima.

Tuliwauliza wanaohusika. Wa kwanza alitutuma kwa wa pili, wa pili akasema suala linashughulikiwa, wa tatu hakupokea simu. Huko majarubani watu wanaamia ndege asubuhi hii, wakijua wana askari na askari ana bunduki, na fundi aliyeacha shule darasa la nne bado amesimama mbele ya ile meza akisubiri jibu: hizo kumi na moja, leo ziko mabegani mwa nani?